Mwenye meli hakujui: dalali wa mizigo kati ya Guangzhou na Dar es Salaam

Weka mezani BL mbili za mzigo mmoja. BL ni hati ya shehena, ile karatasi inayosema nani kamkabidhi nani kitu gani, kwa meli ipi, kwenda wapi. Zote mbili zina namba ileile ya kontena (herufi nne na tarakimu saba), namba ileile ya lakiri, meli ileile na safari ileile. Zinatofautiana kwenye visanduku vya majina. Ya kwanza inasema mtumaji ni kiwanda cha viatu cha Guangzhou na mpokeaji ni mfanyabiashara wa Kariakoo. Ya pili inasema mtumaji ni kampuni ya uwakala ya Guangzhou na mpokeaji ni kampuni ya uwakala ya Dar es Salaam. Kiwanda hakimo, na mfanyabiashara hayumo. Hiyo ya pili ndiyo iliyotolewa na kampuni ya meli.

Karibu yote yanayowachanganya watu kuhusu dalali wa mizigo yamo ndani ya tofauti hiyo. Mwenye meli anamjua dalali, na mwenye mzigo anamjua dalali, lakini wao wawili hawajuani. Hapo katikati ndipo faida ya dalali inapopatikana, na ndipo mizigo mingi inapokwamia.

Nani ni nani

Mtaani wote huitwa "watu wa kliaringi", lakini kazi zao ni nne tofauti. Wakala wa meli anasimama badala ya kampuni ya meli: ndiye anayepokea dhamana ya kontena na kutoa DO, yaani hati ya kuruhusu mzigo utoke. Wakala wa forodha ndiye mwenye leseni ya kuwasilisha tamko la forodha kwa mamlaka ya mapato, TRA. Kwa kawaida ndiye anayeingia kwenye TANCIS, mfumo wa forodha wa kompyuta, na kujaza TANSAD, yaani tamko lenyewe, kwa niaba ya mwenye mzigo. Dalali, kwa maana yake kamili, anatafuta nafasi melini, anapatana bei na kuunganisha pande mbili; mkataba wa kubeba mzigo ukishafungwa, yeye si mbebaji. Wa nne ni yule anayetoa BL yake mwenyewe ingawa hana hata ngalawa. Huyu kisheria ni mbebaji mbele yako, na mzigo ukiharibika unaanza kudai kwake.

Kampuni moja ikiwa na ofisi Guangzhou na Dar inaweza kuvaa kofia zote nne kwa wakati mmoja, na mteja asijue anazungumza na kofia ipi. Marekani wamezitenganisha kwa sheria: tume yao ya usafiri wa baharini inamtaka wakala wa kawaida aweke dhamana ya dola 50,000, na yule anayetoa BL yake bila meli aweke dola 75,000. Kwa Tanzania, anayesajili na kusimamia mawakala ni TASAC, shirika la serikali la uwakala wa meli, na leseni ya forodha inatoka TRA. Swali la kumuuliza wakala kabla ya kulipa chochote ni fupi: BL nitakayopewa itakuwa na jina la nani juu kabisa, la kampuni ya meli au lako?

Mawakala wenyewe huita BL ya kampuni ya meli "masta" na ya wakala "hausi". Hausi si utapeli. Ni utaratibu wa kawaida duniani kote, na bila hiyo mzigo wa watu thelathini usingeweza kuchangia kontena moja. Hatari iko hapa: kampuni ya meli inatii masta peke yake. Wakala wa Guangzhou akichukua pesa yako na asilipe nauli ya meli, kontena litazuiwa Dar hata kama hausi yako imekamilika, ina muhuri na kila kitu. Utakuwa umelipa kila senti, na bado huna dai lolote kwa mwenye meli.

Nauli ya dola sifuri

Dalali ananunua nafasi kwa bei ya jumla na kuiuza kwa rejareja, na tofauti ndiyo riziki yake. Hapo hakuna cha ajabu. Cha kuangalia ni bei inaandikwa wapi.

Kwenye mizigo ya kuchangia kontena kutoka China, utakuta nauli ya bahari ni dola chache kwa kila mita ya ujazo, wakati mwingine sifuri kabisa. Meli haijawa ya bure. Wakusanyaji, yaani mawakala wanaojaza kontena moja kwa mizigo ya watu wengi, wanagombania mizigo kwa wauzaji wa huko, kwa hiyo wanashusha bei upande wa mtumaji na kuirudisha upande wa mpokeaji. Mzigo ukifika, ankara inakuja na mistari kumi: kufungua kontena, kuhudumia, hati, DO, usimamizi, na majina mengine ambayo kila kampuni inajitungia. Mpokeaji hawezi kuhama, kwa sababu mzigo tayari uko mikononi mwao.

Mtego huu unawanasa zaidi walionunua kwa CIF, yaani bei yenye bidhaa, bima na nauli ndani yake, ambapo muuzaji ndiye anayetafuta meli. Muuzaji anachagua wakala wa bei ndogo kwake, na wakala huyo anakuja kulipwa na wewe. Ukinunua kwa FOB, yaani bei ya bidhaa hadi kupakiwa melini tu, unamteua wakala wako mwenyewe, na ankara ya Dar unaweza kuipata kwa maandishi kabla kontena halijajazwa. Na wengi wanaamini CIF inawapa ulinzi hadi Dar. Si kweli. Kwa CIF kama kwa FOB, hatari inahamia kwako mzigo unapopakiwa melini kule China. Muuzaji analipa nauli na bima tu. Kwa kontena, ambalo muuzaji hulikabidhi kwenye yadi siku kadhaa kabla ya meli, Incoterms 2020, kanuni za kimataifa za masharti haya ya mauzo, zinapendekeza FCA, ambapo hatari inahamia mzigo unapokabidhiwa kwa mbebaji, badala ya FOB, lakini soko limezoea FOB na litaendelea nayo.

Sentimita mbili

Chukua maboksi 60 ya viatu, kila moja sentimita 60 kwa 50 kwa 40, kilo 18. Boksi moja ni mita za ujazo 0.12, yote ni 7.2. Hizo ndizo CBM, yaani mita za ujazo, ambazo kiwanda kimekuandikia.

Ghalani kwa mkusanyaji maboksi yanapimwa upya, na hayapimwi pale yalipo bapa bali pale yalipotuna. Boksi lililojazwa kupita kiasi linatuna kidogo kila upande. Likisoma 62 kwa 52 kwa 42, maboksi 60 yanakuwa CBM 8.12. Umeongezewa karibu CBM nzima, kama asilimia 13, bila kiatu hata kimoja kuongezeka. Kinga yake ni kazi ya dakika kumi: mwambie muuzaji apige picha ya boksi moja lililofungwa likiwa na futi juu yake, kwenye urefu, upana na kimo, na utume vipimo hivyo kwa mkusanyaji kabla mzigo haujafika ghalani. Ubishi wa vipimo baada ya kontena kufungwa hauna mshindi.

Kwa mizigo mizito hesabu inageuka. Kuchangia kontena hutozwa kwa CBM moja au tani moja, kubwa kati ya hizo mbili. CBM moja ya vigae inaweza kukaribia tani mbili, na utalipia tani. Kwa ndege, ujazo wa sentimita hugawanywa kwa 6,000: boksi letu la viatu linatoa kilo 20, ndizo utakazotozwa, ingawa mzani unasema 18.

Mzigo ukifika CBM 15 au zaidi, piga hesabu ya kuchukua kontena zima. Futi 20 lina ujazo wa kama CBM 33, futi 40 la kawaida 67, na la kimo kirefu 76. Kwa maboksi ya vipimo mchanganyiko usitegemee kujaza zaidi ya 28, 58 na 68. Na kuna jambo linalowashangaza wengi: futi 40 halibebi uzito mara mbili ya futi 20. Yote mawili huishia karibu tani 26 hadi 28 za mzigo. Ndiyo maana vigae huja kwa futi 20, sehemu ya juu ikiwa tupu, na sofa huja kwa futi 40 la kimo kirefu.

Ile bei ya Kariakoo ya "CBM moja mpaka mlangoni, kodi ndani" ni biashara ya aina nyingine. Hapo mkusanyaji analeta kontena kwa jina lake, anatoa tamko moja la forodha, na wewe unapokea maboksi. Ni rahisi, ila jina lako halipo popote forodhani. Huna TANSAD, huna cha kuonyesha ukiulizwa bidhaa iliingiaje nchini, na huwezi kurudishiwa VAT uliyolipa. Zaidi ya hapo, jirani yako ndani ya kontena akificha viatu vyenye nembo bandia, kontena lote linashikwa, vyako vikiwemo.

Kabla meli haijang'oa nanga

Kazi ya dalali inayoonekana kidogo kuliko zote ni ya kukimbizana na saa za kufunga. Kila safari ya meli ina muda wa mwisho wa aina tatu: wa maelezo ya BL, wa uzito, na wa kontena lenyewe kuingia yadi. Ukikosa mmoja, kontena linabaki kusubiri meli ya wiki ijayo.

Uzito una historia. Mwaka 2007 meli ya MSC Napoli ilipasuka kwenye mlango bahari wa Uingereza. Wachunguzi walipopima makontena yaliyokuwa yamebaki makavu juu ya sitaha, moja kati ya matano lilikuwa na uzito uliotofautiana na karatasi kwa zaidi ya tani 3. Tangu tarehe 1 Julai 2016, SOLAS, mkataba wa kimataifa wa usalama baharini, unadai kila kontena liwe na uzito uliothibitishwa, VGM, kabla ya kupakiwa. Linaweza kupimwa zima kwenye mizani, au vitu vya ndani vipimwe kimoja kimoja na kuongezwa uzito wa kontena tupu ulioandikwa mlangoni. Msipopeleka VGM, kontena halipandi.

Hata vikitimia vyote, kampuni ya meli inaweza kuliacha kontena, kwa sababu huuza nafasi kuliko zilizopo, kama mashirika ya ndege. Wanaoachwa kwanza ni wa bei ya chini. Dalali mwenye mizigo ya uhakika kila wiki kwa kampuni ileile ana uzito hapo; dalali anayerukaruka kufuata dola 50 hana. Kisha uliza kama meli inakuja moja kwa moja au mzigo utahamishwa njiani, mathalani Singapore, Port Klang au Colombo. Kuhamishwa kunaweza kuongeza siku chache au wiki mbili, na huko katikati hakuna anayekujibu ila mfumo wa kompyuta.

Kipindi hiki ndicho cha kusoma rasimu ya BL neno kwa neno. Jina la mpokeaji lifanane na la kwenye TIN, herufi kwa herufi. Uzito na idadi viwe vilevile kwenye ankara, kwenye orodha ya mzigo na kwenye BL. Kosa linalosahihishwa Guangzhou kwa barua pepe moja, likishaingia kwenye manifesti ya Dar, yaani orodha ya mizigo yote ya meli, linahitaji maombi, faini na siku ambazo kontena linazidi kulipiwa.

Angalia pia mzigo umehesabiwaje. Kanuni za Hague-Visby, za kimataifa kuhusu wajibu wa mbebaji, zinazotajwa kwenye BL nyingi, zinaweka ukomo wa fidia kuwa SDR 666.67 kwa kila kifurushi au SDR 2 kwa kila kilo, lolote lililo kubwa. SDR ni fedha ya hesabu ya IMF. BL yetu ikisema "maboksi 60", ukomo ni kama SDR 40,000. Maboksi yaleyale yakipangwa kwenye paleti tatu na BL ikasema "paleti 3" bila kutaja maboksi, vifurushi ni vitatu, SDR 2,000. Kwa uzito wa kilo 1,080 unapata SDR 2,160, basi unalipwa hizo. Maneno mawili kwenye rasimu yamekugharimu SDR karibu 38,000.

Bidhaa zilizo chini ya mpango wa shirika la viwango, TBS, wa kukagua kabla ya kusafirisha, PVoC, zinakaguliwa kulekule zinakotoka. Cheti cha ukaguzi huo hakitafutwi meli ikiwa imeshafika Dar.

Karatasi inayofungua mlango

BL asilia kwa kawaida hutolewa nakala tatu, na moja ikitumika nyingine mbili zinakufa. Anayeishika anaweza kuchukua mzigo, ndiyo maana muuzaji ambaye hajalipwa huzikalia. Safari ya wiki tatu hadi tano inatosha kuzituma kwa kurieri, lakini siku hizi wengi hutumia teleksi: muuzaji anarudisha asilia zote kwa wakala wa kule, na ujumbe unatumwa Dar kwamba mzigo utolewe bila karatasi. Jina ni la enzi za mashine ya teleksi, ujumbe ni barua pepe. Mzigo wenye BL mbili unahitaji ruhusa mbili, ya masta na ya hausi. Watu husherehekea ya hausi, kisha wanakaa siku nne wakijiuliza kwa nini DO haitoki.

Saa zinazohesabu Dar

Meli ikishafunga gati, iwe upande wa DP World, wanaoendesha gati 0 hadi 7 tangu 2024, au gati 8 hadi 11, saa zinaanza kuhesabu na kila moja ina mwenyewe. Kuna tozo ya kuhifadhi, inayokwenda kwa mwendesha gati au bandari kavu. Kuna demareji, ya kampuni ya meli, kwa kontena kukaa bandarini likiwa na mzigo kupita siku za bure. Na kuna malipo ya kukaa na kontena nje ya bandari kupita muda, ingawa kampuni nyingi huku huunganisha hizi mbili za mwisho kuwa hesabu moja. Siku za bure kwa kawaida zinahesabu Jumapili na sikukuu, na viwango hupanda kwa ngazi kadiri siku zinavyokwenda.

Siku za bure zinaombwa wakati wa kukata nafasi, kabla kontena halijajazwa. Dalali akiomba 14 badala ya 7 wakati huo, mara nyingi anapewa bila gharama. Ukiomba baada ya meli kufika, unaomba huruma.

Kodi huanza kupigwa kwenye thamani ya CIF. Mzigo wa dola 10,000 wenye ushuru wa asilimia 25 unalipa 2,500. VAT ya asilimia 18 inapigwa juu ya 12,500, yaani 2,250. Zinafuata tozo ndogondogo. Viwango vya ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki ni 0, 10, 25 na, tangu Julai 2022, 35, na kila nchi huomba misamaha yake kila mwaka, kwa hiyo namba ya HS, ile inayoainisha bidhaa forodhani, ya mwaka jana ihakikiwe kwenye gazeti rasmi la Jumuiya la mwaka huu. Wakala akikuahidi kushusha thamani kwenye ankara, kumbuka kwamba TRA wana kumbukumbu za bidhaa kama yako. Wasipoiamini ankara wanapandisha thamani, na wakati mnabishana saa zote zinaendelea kuhesabu. Mzigo usiotolewa kabisa huishia mnada wa forodha.

Anayepeleka Lubumbashi ana la ziada: FERI, fomu ya taarifa za mzigo ya OGEFREM, shirika la Kongo la kusimamia usafirishaji wa mizigo, ishughulikiwe mapema huko mzigo unakopakiwa, na namba yake ifuate BL. Lori likiwa mpakani Kasumbalesa bila FERI, faini ni ya mwenye mzigo.

Bima, na kontena tupu

Tarehe 23 Machi 2021 meli ya Ever Given ilikwama Suez kwa siku sita. Baada ya kunasuliwa, mwenye meli alitangaza hasara ya pamoja: gharama za uokoaji zinagawanywa kwa wote wenye mali ndani ya meli, hata ambao maboksi yao hayakuguswa. Ni sheria ya kale ya bahari na ipo kwenye BL yako. Mwenye bima, kampuni yake inasaini dhamana na mzigo unatoka. Asiye na bima anaweka fedha taslimu kwanza. Hicho ndicho watu wanakisahau wanaposema viatu havivunjiki, bima ya nini.

Bima ikiwepo, iangalie herufi: A inabeba karibu kila ajali isipokuwa zilizotajwa, C inabeba majanga makubwa tu, kama kuzama na moto, wala haigusi wizi. Ukifungua kontena na kukuta maji, piga picha ya lakiri kabla ya kuikata, ya milango, ya dari dhidi ya mwanga. Uharibifu usioonekana kwa nje unapaswa kuandikiwa taarifa ndani ya siku 3 baada ya kupokea mzigo, na kesi ifunguliwe ndani ya mwaka 1.

Mzigo ukishashushwa Kariakoo, faili bado liko wazi. Kontena tupu linarudi kwenye yadi ambayo kampuni ya meli imeitaja, ambayo si lazima iwe ile lilikotoka. Fagia sakafu, ng'oa misumari na mbao za kushikilia mzigo, na kabla lori halijaondoka piga picha pande zote sita, ndani na nje. Yadi wanatoa risiti ya kupokea kontena yenye mchoro wa mikwaruzo. Dereva asiondoke bila hiyo, kwa sababu bila risiti hiyo saa ya malipo ya kukaa na kontena haijasimama na dhamana hairudi.